Tope la shimo la mchanga lisifike horini: mwongozo kwa kamati za wavuvi

Visiwa vyetu havina Rufiji wala Pangani. Mito ya Unguja, kama Zingwezingwe, Kipange na Mwera, ni mifupi, na baadhi ya vijito hupotea kwenye maweni, ile ardhi ya mawe ya matumbawe, kabla ya kuiona bahari. Pemba mito ni mifupi vilevile lakini ni mingi. Inashuka vilimani, inapita mabonde ya mpunga na kuishia horini, yaani kwenye mkono mwembamba wa bahari unaoingia nchi kavu, ndani ya mikoko. Huko mwisho wa mto ndiko kwenye riziki: kamba wa kimia, kaa wa mikoko, mkizi na chaa wadogo wanaokulia kwenye mizizi, na kombe na chaza wanaookotwa na kina mama maji yakipwa.

Juu ya mito hiyo kuna mashimo ya mchanga wa kujengea, ya kifusi, ya mawe na kokoto, na matanuri ya chokaa. Dhahabu hatuna. Zebaki inayowasumbua wavuvi wa bara karibu na machimbo ya Geita au Chunya si ugonjwa wetu, kwa hiyo kamati isipoteze nguvu kuitafuta. Sisi tuna matatu: tope, mafuta ya mitambo na chokaa. Katika hayo tope linazidi yote, na mwongozo huu unalipa nafasi kubwa kwa sababu hiyo.

Tope huzuiwa shimoni, kabla ya masika. Likishateremka mtoni hakuna wavu wa kulinasa, na likishatua horini halitolewi.

Kwa nini linatua palepale penye kamba

Chukua chupa mbili za maji za lita moja na nusu, tupu na safi. Moja itie maji ya kijito au ya mvua, nyingine maji ya bahari, zote ziache nafasi ya vidole vinne juu. Kila moja itie kijiko kimoja cha chai cha udongo mwekundu wa ukingoni mwa shimo, uliosagwa ukawa unga. Tikisa kwa dakika nzima, ziweke kivulini, usiziguse tena.

Mchanga utaanguka katika zote mbili kabla dakika haijaisha. Baada ya hapo chupa zinaachana. Katika maji ya bahari chembe za udongo zinashikana, zinafanya mabonge madogo kama chachandu na kushuka; baada ya saa chache juu kuna maji meupe na chini kuna utandu laini mnene. Katika maji baridi chupa bado ni rangi ya chai ya maziwa, na hata kesho yake inaweza isitulie vizuri.

Hivyo ndivyo mto unavyofanya. Maji baridi hubeba udongo laini masafa marefu bila kuudondosha. Yanapokutana na maji chumvi, chumvi inaukamata na kuuangusha papo hapo, na mahali pa kukutania ni horini, kwenye mikoko, penye kitalu cha kamba na vifaranga vya samaki. Shimo linaweza kuwa kilomita tatu juu na mto njiani ukaonekana umepona, kumbe mzigo umeshushwa mlangoni pa mvuvi. Onyesho hili lifanyeni kwenye kikao cha shehia mbele ya wenye mashimo. Linaeleweka upesi kuliko maneno.

Tope likishatua linadhuru kwa njia kadhaa. Linaziba matamvua ya samaki wadogo. Linafukia mayai yaliyobandikwa kwenye mizizi na mawe. Kombe na chaza wanaokula kwa kuchuja maji hujaa udongo tumboni na kudhoofika. Majani ya bahari yanakosa mwanga. Mikoko nayo inakabwa: mchu unavuta pumzi kwa vile vijiti vinavyochomoza topeni kuzunguka shina, na tope jipya la sentimita kumi tu linatosha kuua mti. Miche hufa mapema zaidi. Mkiona mchu umeanza kukauka vilele huku vijiti vyake vimebaki ncha tu, tafuteni udongo unatoka wapi. Msingoje kuambiwa ni ukame.

Tembeeni mto mzima kwanza

Fanyeni hivyo Januari au Februari, wakati njia ni kavu, halafu mrudie siku ya mvua kubwa ya kwanza. Nendeni watu watatu au wanne, akiwemo mmoja anayelima bondeni, maana mkulima anaujua mto kwa upande ambao mvuvi hauoni. Anzieni mdomoni mwa mto, pandeni juu. Kila mnapokuta mfereji, kalavati, barabara ya matipa, shimo au mahali pa kuoshea mchanga, piga picha, andika jina la mahali na rangi ya udongo.

Rangi ina kazi. Udongo wa kinongo ulio chini ya mchanga ni mwekundu au kahawia. Tope la bondeni la mpunga ni jeusi au kijivu. Wakati wa kuburuga mabonde mto huchafuka, na tope hilo si la machimbo. Barabara mpya ya kifusi nayo inatoa wekundu uleule wa shimo. Kamati inayolitupia shimo kila kitu hushindwa siku ya kwanza mbele ya maofisa, kwa kuwa mwenye shimo ataonyesha kalavati na kusema "na hili je?" Msiache pengo hilo. Chanzo kilicho chenu, kama kina mama wanaofukia makumbi kandokando ya hori au vijana wanaokata mikoko ukingoni, kiandikeni pia.

Vijito vinavyopotea kwenye maweni msivipuuze kwa sababu havifiki baharini. Maji yale yanakwenda chini kwa chini, na chini kuna visima vya watu. Dizeli iliyomwagika hapo itaonekana kwenye ndoo.

Kipimo cha chupa

Kazi hii haihitaji fedha. Inahitaji chupa nane za lita moja na nusu za aina moja, rula ya milimita, kalamu isiyofutika kwa maji, karatasi nyeupe yenye maandishi yaliyochapwa, na daftari.

1. Chagueni vituo vitatu visivyobadilika: A juu ya shimo, ambako maji hayajakutana nalo, B mita 50 hadi 100 chini ya mahali maji ya shimo yanapoingia mtoni, C karibu na hori, juu kidogo ya mahali maji ya bahari yanapofika. Pakiwa na kijito jirani kisicho na shimo, hicho ni kituo D, na thamani yake ni kubwa.

2. Suuzeni chupa mara tatu kwa maji ya mto huohuo. Simama ukiuelekea mkondo, maji yakujie usoni, tope unalotibua kwa miguu liende nyuma yako. Zamisha chupa kiganja kimoja chini ya uso wa maji, katikati ya mto. Isiguse chini.

3. Andika kwenye chupa: kituo, tarehe, saa, mvua ilianza saa ngapi na imekatika saa ngapi.

4. Papo hapo, weka karatasi yenye maandishi nyuma ya chupa na piga picha. Maandishi yanasomeka, yanasomeka kwa shida, au hayaonekani? Andika moja kati ya hayo matatu.

5. Peleka chupa kivulini, ziache zimesimama saa 24. Pima kwa rula unene wa kilichotuama. Kwa kuwa kitako cha chupa kina mabonde, chagueni chupa za kitako bapa. Zikikosekana, tumieni chupa za aina moja tu msimu mzima.

Chupa ina habari zaidi ya unene. Katika maji yenye kimo cha sentimita 30, mchanga mwembamba unamaliza kushuka ndani ya dakika moja. Tope la wastani, lile linaloteleza kati ya vidole bila kukwaruza, linachukua kama saa moja. Udongo wa mfinyanzi unachukua siku nzima, na sehemu yake haitatua kabisa. Kwa hiyo pimeni mara tatu: dakika moja, saa moja, saa 24. Ikiwa sehemu kubwa imeshuka ndani ya saa moja, bwawa la kutuamisha shimoni litasaidia sana. Ikiwa chupa bado imechafuka kesho yake, bwawa peke yake halitatosha, na juhudi yote iende kwenye kuzuia maji yasiingie shimoni tangu mwanzo. Mkilijua hili mtamwomba mwenye shimo kitu kitakachofanya kazi.

Makosa yanayoharibu kipimo ni yaleyale kila mara. La kwanza ni kuchelewa. Tope hupita katika nusu saa au saa ya kwanza ya mvua kubwa. Anayekwenda mtoni mchana baada ya mvua ya alfajiri anakuta maji yameshaanza kutakata na kurudi na ushahidi wa kumtetea mchafuzi. Mtu wa kuchukua chupa awe anaishi karibu na kituo, na chupa ziwe tayari ndani kwake. La pili ni kuchukua A leo na B kesho: hizo hazilinganishiki. Chukueni zote ndani ya saa moja. La tatu ni kupima C maji yakiwa yanajaa, kwa sababu hapo mnapima bahari. Chukueni saa mbili za mwisho za maji kupwa, mto unapokuwa unatoka peke yake.

Kipimo kimoja si kitu. Mvua tano zenye A safi na B chafu, zikiwa na picha na saa, ni jambo ambalo hakuna ofisi inayoweza kulikalia.

Kupima horini

Chupa inaonyesha kinachopita. Horini tunataka kujua kinachobaki. Njia mbili zinatosha.

Ya kwanza ni mambo, yaani vigingi vya kupimia. Chukua bomba la plastiki la inchi moja, urefu mita moja, lichore alama kila sentimita. Lipigilie topeni sentimita 70, zibaki 30 juu. Panda matano katika mstari kutoka ukingoni kuingia katikati ya hori, mbali na njia ya mitumbwi na mahali pa kutupia kimia. Kila bamvua, yaani wakati wa maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yakipwa katikati ya asubuhi, soma tope limefika alama gani. Soma pande mbili za bomba na chukua wastani, kwa kuwa mkondo huchimba shimo dogo upande mmoja. Usitumie boriti za mikoko kwa mambo haya. Kamati inayolinda hori haiwezi kuonekana inalikata.

Ya pili inafaa kuonyesha tope jipya la wiki mbili tu. Tafuta kipande cha marumaru cha sentimita 20 kwa 20, upande mtelezi juu, kizike kikae sawa na tope lililopo, weka jiti la kukitambulisha. Kiache kutoka bamvua moja hadi nyingine. Kinyanyue polepole, mikono miwili, kisilale upande. Kisha kata tope kwa ukingo wa rula na pima unene wake katikati na kwenye pembe nne. Kipande cha hori la pili, lisilo na machimbo juu yake, kitawaambia kawaida ya kwenu ni ipi.

Pamoja na hivyo wekeni daftari la mavuno. Wavuvi watatu waaminifu wanatosha, kila mmoja aandike siku aliyokwenda, chombo alichotumia, saa alizovua, na kilo za kamba au idadi ya kaa. Kilo bila saa hazina maana: mwenye kilo tano kwa saa mbili na mwenye kilo tano kutwa nzima hawako hali moja. Maji mafu, yale madogo ya kati ya bamvua na bamvua, yaandikwe peke yake na bamvua peke yake, usije ukalinganisha wiki ya maji mafu na wiki ya bamvua ukasema samaki wamepungua.

Kinachotakiwa shimoni

Sehemu hii isomeni pamoja na mwenye shimo. Wengi wao hawana nia mbaya. Hawajaonyeshwa, na wanadhani kuzuia tope ni gharama kubwa. Kijiko kinachochimba mchanga kinaweza kuchimba bwawa kwa kazi ya siku moja.

*Kwanza, maji ya juu yasiingie.* Maji mengi yanayochafuka shimoni hayakunyesha shimoni. Yametoka shambani juu, yakaporomokea ndani. Chimbeni mtaro wa kukinga, mita tatu hadi tano juu ya ukingo, upana sentimita 60, kina 40, mteremko wa sentimita moja kwa kila mita. Udongo utakaotoka uwekwe upande wa shimo, uwe tuta. Mteremko upimwe kwa mpira wa maji wanaotumia mafundi kuweka usawa, macho hudanganya. Ukiuzidisha mteremko, mtaro wenyewe utachimbika na kuwa korongo jipya. Mwisho wake utoke penye majani, usielekezwe moja kwa moja mtoni.

*Pili, bwawa la kutuamisha.* Hesabu yake ni hii. Mvua ya milimita 50 juu ya shimo la nusu hekta ni mita za ujazo 250. Nusu ikizama ardhini, zinabaki 125 za kupokea. Bwawa la urefu wa mita 14, upana 6 na kina 1.5 linachukua 126. Ongeza nusu mita chini kwa ajili ya tope lenyewe, kina kiwe mita mbili. Shimo likiwa hekta nzima, ujazo uwe mara mbili. Urefu uwe angalau mara mbili ya upana, na maji yaingie ncha moja yatokee ncha ya pili. Bwawa la mraba lenye mlango na tokeo karibukaribu linapitisha maji machafu kana kwamba halipo. Kwenye kichanga kingo za wima huporomoka. Zilazeni, na kwa kuwa ulazaji unapunguza ujazo, ongezeni upana juu.

Kabla ya bwawa kubwa chimbeni kidimbwi cha mita tatu kwa tatu, kina mita moja. Mchanga wote mzito utaangukia humo, na mwenye shimo ataufukua na kuuuza. Hoja hii inawashawishi wenye mashimo kuliko nyingine yoyote.

Tokeo lipangwe mawe, upana wa mita mbili, chini ya kingo kwa sentimita 30, ili maji yatoke kama shuka jembamba na siyo kama bomba. Pakiwa na mitambo ya dizeli, wekeni bomba la inchi nne lenye elbo iliyogeuzwa chini, mdomo wake ukae sentimita 20 ndani ya maji: mafuta yanaelea juu na kubaki, maji ya chini yanatoka. Chomekeni jiti lenye alama katikati ya bwawa. Tope likijaza ile nusu mita ya chini, lifukuliwe. Bwawa lililojaa tope ni hatari kuliko kutokuwa nalo, kwa kuwa mvua kubwa moja inaling'oa lote na kulipeleka horini kwa usiku mmoja. Tope lililofukuliwa lisirundikwe ukingoni. Lipelekwe shambani au lirudishwe shimo lililokwisha.

Bwawa lizungushiwe uzio. Mita mbili za maji karibu na nyumba za watu ni msiba unaongoja mtoto.

Wapo wanaopendekeza kutia shabu bwawani ili tope lishuke haraka. Msikubali. Shabu ikizidi inayatia maji ukali unaoua samaki, na hakuna mtu shimoni wa kuipima kila mvua. Unga wa mbegu za mlonge ni salama zaidi na unasafisha ndoo vizuri, ila kwa gramu moja kwa ndoo ya lita kumi, bwawa la mita za ujazo 126 lingetaka kilo 12 na zaidi kila linapojaa.

*Tatu, uzio wa viroba* kwa mteremko mfupi ambao maji yake hayafiki bwawani. Pasueni viroba vishonwe kuwa utepe. Miti ya mvinje ichomekwe kila mita mbili au chini yake, nusu mita ardhini. Chimbeni mfereji wa sentimita 15 kwa 15 upande wa juu, kunjeni ukingo wa utepe ndani yake, fukieni na kushindilia. Kimo juu ya ardhi sentimita 60. Hatua inayorukwa kila mara ni ule mfereji; bila huo maji yanapita chini ya kiroba na uzio unabaki pambo. Mstari ufuate usawa wa mlima, ncha zake mbili zipande juu kidogo kama mwezi mchanga, la sivyo maji yatakimbilia pembeni. Mita 30 za uzio zinabeba eneo la robo eka, si zaidi. Tope likifika theluthi ya kimo, liondoeni. Na kamwe uzio usikatize mto au korongo linalotiririka: utavunjika kwa mvua ya kwanza, viroba viende horini vikanase mitumbwi.

Kwenye vikorongo vidogo, mawe au makumbi ya nazi yaliyofungwa ndani ya wavu mbovu yanafaa. Kizuizi kisizidi sentimita 60 kwenda juu, na katikati kiwe chini kwa sentimita 15 kuliko kando. Kikiwa sawa, maji yatakizunguka na kula kingo. Kinachofuata chini kikae mahali ambapo kilele chake ni sawa na kitako cha kile cha juu.

*Nne, kufunga sehemu iliyokwisha.* Sentimita 20 hadi 30 za udongo wa juu, wenye mbegu na mizizi, zitengwe tangu siku ya kwanza na zisiuzwe kama kifusi. Kuta zilazwe, mita moja kwenda juu kwa mita tatu kwenda mbele, udongo ule urudishwe, pandeni vetiva kwa mistari inayofuata usawa, shina kwa shina sentimita 10 hadi 15. Mivinje na mikorosho ifuate. Shimo lifungwe kipande kwa kipande, likichimbwa huku likifukiwa kule. Anayeahidi kufunga lote mwishoni huondoka na kijiko chake mchanga ukiisha.

Mafuta na chokaa

Dizeli na oili chafu havitakiwi mita 50 za mto wala juu ya maweni. Mapipa yakae ndani ya kisahani cha zege chenye kuta, kinachochukua pipa kubwa zima na sehemu ya kumi ya ziada. Mtambo ukibadilishwa oili, chini pawekwe trei, na oili irudi kwenye madumu. Ikimwagika, mwagieni mchanga mkavu au pumba za mbao, kusanyeni, msioshe kwa maji.

Chokaa inahitaji macho zaidi, kwa kuwa haionekani chafu. Maji yake ni meupe tu. Chokaa mbichi ikiingia kijitoni huyapandisha maji hadi ukali unaochoma matamvua, na samaki wanakufa ndani ya saa chache. Nunueni karatasi za kupimia ukali wa maji (pH), zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya maabara. Maji ya mto yenye afya husoma kati ya 6.5 na 8.5. Chini ya tanuri mkipata 9 au zaidi wakati juu yake ni 7, msitafute sababu nyingine. Rundo la chokaa lifunikwe, lizungushiwe tuta la udongo, na majivu ya tanuri yasimwagwe korongoni.

Kibali na barua

Kabla ya kulalamika, ulizeni kwa Sheha na kwa ofisi ya wilaya: shimo lina kibali cha maliasili zisizorejesheka, na lina cheti cha tathmini ya mazingira? Ombeni kuyaona masharti. Mara nyingi bwawa, umbali kutoka mtoni na ufungaji wa shimo vimeshaandikwa humo, na kazi yenu inakuwa kuonyesha kwamba sharti fulani halijatekelezwa. Hiyo ni kazi nyepesi kuliko kuthibitisha nani aliua kamba. Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar, ZEMA, inafanya kazi chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Namba 3 ya 2015. Uvuvi uko chini ya Sheria ya Uvuvi Namba 7 ya 2010. Zitajeni zote mbili.

Barua iwe kurasa mbili. Ianze kwa Mheshimiwa Sheha, nakala kwa afisa uvuvi wa wilaya, ZEMA na ofisi iliyotoa kibali. Ukurasa wa kwanza: shimo liko wapi, linaingia mto gani, mto unaishia hori lipi, ni vyombo na watu wangapi wanategemea hori hilo. Ukurasa wa pili: jedwali la chupa kwa tarehe, picha za A na B pamoja, usomaji wa mambo. Mwisho ombeni vitu viwili au vitatu vinavyopimika: "bwawa la mita 14 kwa 6 kabla ya tarehe 1 Machi" ni ombi, "uchafuzi ukomeshwe" halijibiki. Nakala zenu zote zigongwe muhuri wa kupokelewa. Kama jambo likipingwa, mwombeni afisa uvuvi apeleke sampuli maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali Zanzibar, au awaunganishe na Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Buyu.

Msifunge njia ya matipa wala kuharibu mtambo. Siku hiyo mazungumzo yatahama kutoka topeni kwenda polisi, na hori litasahauliwa.

Samaki wakikutwa wamekufa

Asubuhi ya namna hiyo watu hukimbilia kuokota samaki. Wazuieni, hakuna wa kula wala kuuza. Mtu mmoja achukue maji mara moja kutoka mahali walipofia na kutoka juu ya mto: chupa ya kioo kwa kinachoshukiwa kuwa mafuta au dawa ya shamba, maana plastiki hunyonya mafuta na kupotosha kipimo, chupa safi ya plastiki kwa mengine. Zijazwe pomoni, zisibaki na hewa, ziwekwe kwenye barafu. Chukueni samaki wanaotapatapa bado, au waliokufa karibuni wenye macho angavu na matamvua mekundu, wafungwe kwa karatasi ya alumini (foili) na kulazwa barafuni. Waliovimba hawamsaidii mtu yeyote maabara. Andikeni walikufa aina gani na wa ukubwa gani, na waliobaki hai ni akina nani. Kama kaa wanapanda mizizi na chaa wanavuta pumzi juu ya maji alfajiri, halafu mambo yanatulia jua likishapanda, huenda hewa ya maji ilikwisha usiku. Kama wamekufa wote, wakubwa kwa wadogo, saa yoyote, pandeni mto siku hiyohiyo mkiwa na karatasi za ukali wa maji mkononi, mkianzia kwenye tanuri na mapipa.

Simu ya kwanza iende kwa Sheha, ya pili kwa afisa uvuvi, na saa za simu hizo ziandikwe katika daftari lilelile la chupa.